Machela Iliyoshuka Mabegani

Mji wa Kibwezi umekaa kati ya kamba na mlima. Si mbali na barabara kuu ya Nairobi na Mombasa kuna shamba la Dwa, mkonge umepandwa safu kwa safu, majani yamesimama kama mikuki. Upande wa magharibi vilima vya Chyulu vimejipanga kimoja nyuma ya kingine, kijani mvua zikinyesha, kahawia kiangazi kikikaza. Katani inamfaa kila mtu hapa: ya kufungia mbuzi, ya kusukia kiondo, ya kutundikia mzinga.

Siku hizi hupita pia mgeni wa namna nyingine. Anashuka basi na shanta mgongoni, na ndani ya shanta hamna hema. Mna kitambaa cha nailoni kilichokunjwa kikawa kidogo kama mkate wa nusu kilo, mikanda miwili, chandarua na turubai jepesi. Jua likizama atatafuta miti miwili, atafunga mikanda, kisha atajilaza katikati yake akining'inia kama chakula kilichowekwa susuni paka asikifikie.

Vijana wana jina lao la Kiingereza kwa kitanda hicho. Kiswahili kina jina la zamani: machela. Tatizo ni kwamba neno hili leo linanuka dawa. Ukilitamka Makindu au Kitui, msikilizaji anafikiria wodi, mgonjwa na wauguzi wawili wanaokimbia. Kabla ya kufika wodini, machela ilitembea safari ndefu, na sehemu ya safari hiyo ilipita hapa hapa Ukambani.

Mti mmoja, mabega mawili

Kitanda chenyewe cha kuning'iniza ni uvumbuzi wa wenyeji wa Amerika. Christopher Columbus alipofika visiwa vya Karibi mwaka 1492, aliwakuta Wataino wakilala ndani ya nyavu za pamba zilizofungwa ncha mbili, nao wakiziita hamaca. Mabaharia wa Ulaya waliona faida yake upesi, kwa kuwa kitanda kinachoning'inia huenda na mawimbi na hakimwagi mtu. Kufikia 1597 jeshi la majini la Uingereza lilikuwa limekikubali rasmi.

Wareno walikuwa na neno lao, machila, walilolichukua India, kwa kitanda cha kubebea watu. Walikuja nalo Msumbiji, na kutoka kwao Kiswahili kikapata machela. Lakini huku kwetu haikufungwa kwenye miti miwili ya msituni. Ilifungwa kwenye mti mmoja mrefu, na ncha za mti huo zikakaa juu ya mabega ya watu. Aliyelala alibembea. Waliombeba walitoka jasho.

Karne ya kumi na tisa ilijaa safari za namna hiyo. David Livingstone, siku zake za mwisho mwaka 1873, alibebwa na watu wake juu ya kitanda cha miti hadi kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na neno aliloliandika kwenye shajara yake ni hilo hilo la Kiswahili: kitanda. Miaka kumi baadaye James Hannington, kasisi aliyekuja kuwa askofu, alishikwa na maradhi ya tumbo akielekea Uganda, ikabidi arudishwe pwani akiwa ndani ya machela. Vitabu vimehifadhi majina ya waliobebwa. Majina ya mabega yale ni nadra kuyakuta.

Wakamba walizijua njia hizo kuliko wageni wote. Misafara yao ya pembe za ndovu ilikuwa ikishuka Mombasa zamani kabla ya mzungu yeyote kupanda bara. Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Rabai, alifika Kitui mwaka 1849 akiwa mgeni wa mfanyabiashara mkuu Kivoi, na ni kutoka huko alikouona Mlima Kenya. Aliporudi mwaka 1851, Kivoi aliuawa njiani karibu na mto Tana na msafara ukatawanyika. Krapf akabaki peke yake porini. Kwa kukosa kibuyu, alijaza maji kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake na kwenye mitutu ya bunduki, akaanza kurudi. Hakuwa na machela wala wa kuibeba. Nchi ilimfunza kwamba mwenye kusafiri Ukambani hubeba maji kwanza, kitanda baadaye.

Kibwezi ya homa

Mwaka 1891 watu wa Scotland walikuja kujenga misheni Kibwezi. Waliotoa fedha walikuwa miongoni mwa wakubwa wa kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, wakiwamo Sir William Mackinnon na Alexander Low Bruce, aliyekuwa amemwoa binti wa Livingstone. Kiongozi wa msafara alikuwa Dakta James Stewart, aliyetoka misheni ya Lovedale, Afrika Kusini. Mahali palivutia: chemchemi zisizokauka, msitu wenye kivuli, njia ya misafara ikipita mlangoni.

Maji yale yale yaliyowavutia ndiyo yaliyowaponza. Homa iliwaangusha mmoja baada ya mwingine, na makaburi yakaanza kuongezeka. Wakati huo wazungu wengi bado waliamini kwamba malaria ni hewa mbaya inayotoka kwenye ardhi yenye majimaji, kwa hiyo kinga ilikuwa kujenga na kulala juu. Agosti 1897, huko India, Ronald Ross aliona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Kosa halikuwa la ardhi. Lilikuwa la mdudu anayeruka, naye kimo cha kitanda hakimzuii. Mwaka uliofuata, 1898, misheni ilihama Kibwezi ikaenda Kikuyu.

Anayefunga machela leo kwenye msitu wa Kibwezi, karibu na chemchemi za Umani na migunga yake yenye gome la manjano, analala juu ya somo hilo. Kitambaa chembamba humruhusu mbu kuuma kupitia mgongoni, kwa hiyo chandarua kinachofunika juu tu ni nusu ya kinga. Wazoefu hutumia kile kinachozunguka machela pande zote, chini pia.

Simba na vitanda vya juu

Mwaka huo huo wa 1898 reli ya Uganda ilikuwa ikikatiza nyika hii, kutoka Tsavo kuelekea Nairobi ilikofika mwaka 1899. Huko Tsavo simba wawili walifanya kazi isimame. Mhandisi J. H. Patterson, aliyewaua mwezi Desemba, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1907 jinsi wafanyakazi kutoka India walivyoacha kulala ardhini. Walipanda na vitanda vyao juu ya matangi ya maji, juu ya mapaa, na juu ya miti, wakavifunga kwenye matawi kwa kamba. Usiku mmoja simba walipovamia kambi, watu wengi mno walikimbilia mti mmoja. Mti haukustahimili uzito huo, ukaanguka nao. Bahati yao, simba walikuwa wameshapata windo lao. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Usiku ule kamba zilishika, mti ndio uliosalimu amri.

Kisa kingine kilitokea katika Makueni ya leo, stesheni ya Kima, usiku wa tarehe 6 Juni 1900. Msimamizi wa polisi Charles Ryall na wenzake wawili, Huebner na Parenti, walikuwa ndani ya behewa wakimvizia simba aliyekuwa akiua watu hapo. Huebner alipanda kitanda cha juu, Parenti akatandika sakafuni, Ryall akabaki kwenye kitanda cha chini akilinda zamu. Usingizi ukamshinda. Simba aliingia mlangoni, akamkanyaga Parenti sakafuni, akamkamata Ryall na kutoka naye dirishani. Tangu hapo, kila anayetafuta mahali pa kulala katika nyika ya reli ana sababu ya kutazama juu.

Mkulima wa mpakani mwa pori hakuhitaji kusimuliwa hayo. Ana dungu lake, jukwaa la miti lililoinuliwa shambani, anakolindia mahindi na mbaazi usiku. Kulala juu, kwake, ni kazi ya ulinzi.

Machela ya vita

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Kutoka 1914 hadi 1918 Waingereza waliandikisha mamia ya maelfu ya wapagazi kwa vita dhidi ya Wajerumani walioitawala Tanganyika, na Ukambani ilitoa vijana wengi. Walibeba risasi, unga, na majeruhi. Kikosi chao cha wabebaji kiliacha jina katika miji miwili: Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Waliokufa kwa njaa, kuhara na uchovu walikuwa makumi ya maelfu.

Hapo ndipo machela ilipokuwa kitu cha majeruhi na wagonjwa, na ndivyo ilivyobaki masikioni mwetu. Bwana aliyebembea njiani alitoweka baada ya reli na motokaa kuenea. Mgonjwa akabaki, na wabebaji wake.

Mlima usio na maji

Chyulu ilisubiri zaidi kabla ya kupata watu wanaokwenda kulala huko kwa kupenda. Vilima hivi vimezaliwa kwa volkano, na ni vichanga kwa hesabu ya dunia: baadhi ya miamba yake iliyeyuka na kumwagika katikati ya karne ya kumi na tisa, ukiwamo mto wa mawe meusi unaoitwa Shetani, upande wa Tsavo Magharibi. Kilele cha juu kabisa kinafika mita 2,188. Chini ya vilima hivi kuna pango la Leviathan, shimo la lava lenye urefu wa zaidi ya kilomita 11.

Mvua ikinyesha Chyulu hakuna mto unaotoka. Mawe yenye matundu huyameza maji yote, nayo huibukia mbali: Umani, Makindu, na Mzima, ambako bomba limekuwa likipeleka maji Mombasa tangu miaka ya 1950. Kwa mpanda mlima maana yake ni moja: juu hakuna tone. Somo la Krapf bado lina nguvu.

Mwaka 1938 jumba la makumbusho la Coryndon, ambalo sasa ni Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, lilituma msafara wa wataalamu kukusanya mimea, ndege na wadudu wa Chyulu, ukiongozwa na Dakta V. G. L. van Someren. Katika msafara huo walikuwamo mwanabotania Peter Bally na mkewe mpya. Mke huyo alianza kuchora maua ya milima ile, na baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Joy Adamson, mlezi wa simba Elsa. Ilipofika 1983 Chyulu ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa.

Anayekwenda huko na machela hugundua jambo ambalo picha hazimwambii. Migongo ya Chyulu ni nyasi tupu, miti imejikusanya kwenye vipande vya msitu juu ya vilele na mabondeni. Ukichelewa nyasini, huna pa kufunga. Chini, nyikani, miti ipo lakini ina masharti yake: mgunga una miiba, na mbuyu ni mnene mno kwa mkanda wa kawaida kuuzunguka. Ukungu unapopanda usiku, baridi ya machela hutokea chini, kwa sababu hewa hupita huru pale ambapo kitandani pangekuwa na godoro. Blanketi la chini lina thamani kuliko la juu.

Mafundi wa zamani wa kuning'iniza

Elimu ya kufunga kitu mtini bila kukiharibu haikuletwa Ukambani na watalii. Nyuki walitangulia. Mzinga wa gogo, ambao Wakamba wanauita mwatu, umekuwa ukitundikwa juu ya mibuyu na migunga vizazi kwa vizazi, mbali na nyegere na mchwa. Miaka ya 1970 ulipobuniwa mzinga wa Kenya wenye vijiti juu, ulitundikwa kwa waya kati ya nguzo mbili au miti miwili, sawasawa na machela. Wafugaji wa nyuki hupaka grisi kwenye waya ili siafu wasipande. Mwenye machela aliyeamka usiku akiwa na siafu nguoni anajua kwa nini.

Nao mkonge wa Kibwezi ni jamaa ya ule ulioletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche 1,000 ilisafirishwa kutoka Florida, ikapona 62 tu, na kutoka kwa hiyo yakazaliwa mashamba makubwa ya Tanganyika. Kwa miongo mingi kamba za katani zilifunga mizigo, meli na vitanda. Kuanzia miaka ya 1960 kamba za plastiki zikaibomoa bei yake. Katani hainyumbuki, ikilowa huoza, lakini ikizeeka msituni hugeuka udongo. Ndiyo maana machela ya leo ni nailoni, na mnunuzi wake hupita kando ya mashamba ya mkonge akiwa na kamba iliyotengenezwa kiwandani ng'ambo.

Kuhusu miti, wafugaji wa nyuki wana kanuni ambayo mgeni angefanya vyema kuiazima: mti ni wako leo, kesho ni wa mwingine. Mkanda mpana haukati gome, kamba nyembamba hulikata. Na kabla ya kufunga chochote ndani ya hifadhi, uliza wahifadhi wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) mahali palipo halali, kwa sababu njia ya tembo haina kibao.

Alfajiri, Kilimanjaro ikianza kujitokeza ng'ambo ya Amboseli, anayelala juu hufungua fundo, hukunja kitanda chake na kukirudisha kwenye shanta. Kisha anaanza kushuka, nyasi zikimlowesha magoti, na mikanda ya shanta ikimkata pale pale mti wa machela ulipokuwa ukiwakata wapagazi. Mara hii, aliyelala ndiye anayebeba.