Mbuga Isiyo na Lango

Mkenya akisema wikendi hii anakwenda mbugani, atakayemsikia atamuuliza kiingilio ni pesa ngapi. Katika mazungumzo yetu mbuga imekuwa mahali penye lango, askari wa wanyamapori na risiti: Mbuga ya Nairobi, Mbuga ya Tsavo, Mbuga ya Maasai Mara. Tanzania kazi hiyo imekabidhiwa neno hifadhi, na Serengeti huandikwa Hifadhi ya Taifa. Maneno yote mawili nayapenda. Lakini mbuga ilikuwapo kabla ya lango lolote, na anayetaka kuijua maana yake ya awali hana haja ya kufika Mara. Ashuke Konza.

Mbuga, kwa maana hiyo ya awali, ni ardhi yenyewe: tambarare pana ya nyasi na miti michache, aghalabu yenye udongo mweusi ambao maji hutuama juu yake wakati wa masika. Wataalamu wa udongo waliofanya kazi Tanganyika enzi za ukoloni walilichukua neno hili kama lilivyo, wakaliandika hivyo hivyo katika maandishi yao ya Kiingereza. Konza, kwenye nyanda za Kapiti, ni mbuga kamili kwa kipimo hicho. Udongo wake ni mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Kiangazi ardhi hupasuka nyufa unazoweza kutia mkono kiganja kikapotea. Mvua ikinyesha nyufa hujifunga, na viatu huwa vizito kwa tope kila unapopiga hatua.

Miti mingi haiyawezi maisha hayo, kwa kuwa udongo unaovutana hivyo hukata mizizi. Unaoyaweza ni mgunga mmoja mfupi, wenye miiba mirefu myeupe na vinundu vyeusi vilivyotoboka. Chukua kimoja ukitazame kwa karibu: ndani ni kitupu, na humo wanaishi sisimizi. Mti huwapa makao na utamu unaotoka kwenye majani. Wao humshambulia kila mnyama anayekuja kulitafuna tawi. Upepo ukipita kwenye vile vitundu, mti hupiga mluzi. Nimewahi kusimama kando ya mgunga huo nikasahau nilikokuwa nakwenda.

Wanyama nao wanaijua mbuga kwa maana yake ya zamani. Mbuga ya Nairobi ilipoanzishwa mwaka 1946, ya kwanza nchini, nyumbu na pundamilia waliendelea kutoka upande wa kusini kuelekea nyanda za Kaputiei na Kapiti kufuata majani, kisha wakarudi. Njia hiyo sasa imebanwa na nyumba, ua na barabara. Hata hivyo, bado utawaona pundamilia, kongoni na swala huku Kapiti, wengine wakila pamoja na ng'ombe kwenye shamba la Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo. Hapo hakuna anayeweza kukuonyesha mstari ambapo mbuga inaanza na ufugaji unakoma.

Wakamba wa vilima vya jirani wana neno lao, weu: nyika isiyo ya mtu mmoja, watu walikochunga, walikowinda na kutundika mizinga ya nyuki. Sehemu ya malisho ambayo mtu alijitengea iliitwa kisesi. Kwa hiyo lugha yao ilitenganisha cha mmoja na cha wote, na cha wote kilikuwa na jina. Serikali ya kikoloni ilipowagawia walowezi mashamba makubwa kwenye nyanda hizi na vilima vya Mua, ilikuwa kana kwamba ardhi isiyo na mwenyewe mmoja haina wenyewe. Mifugo ikasongamana katika eneo lililobaki. Serikali ilipotaka kuipunguza kwa kuiuza kwa lazima, mwaka 1938, maelfu ya Wakamba walikwenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu kupinga amri hiyo. Kupotea kwa weu ni sehemu ya chanzo cha mgogoro ule.

Nayakumbusha haya kwa sababu Konza imo tena katika majina. Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa mji wa teknolojia, Konza Technopolis, kwenye ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili. Mji huo huhusishwa na jina la savana ya silikoni. Savana ni neno lililotoka kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi, likapitia Kihispania, likafika kwenye vitabu vyetu vya jiografia, na mtoto wa Machakos hulikariri ili afaulu mtihani juu ya ardhi anayoikanyaga. Mji siupingi, vijana wetu wanahitaji kazi na maarifa. Neno ninalolipinga ni tupu, lile tunalolisema ovyo: Konza ilikuwa nyika tupu, hapakuwa na kitu. Palikuwa na mbuga. Palikuwa na weu. Palikuwa hata na turathi ya reli: njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapa ikielekea Nairobi, na baadaye Konza ikawa makutano ya njia inayokwenda Magadi, mabehewa yakileta magadi kutoka ziwani ili yasafirishwe kwenda pwani.

Basi mtu aende Konza kufanya nini? Kiswahili kinajibu vizuri. Kutalii, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, lina asili ya kusoma na kuchungua, na ni ndugu wa mtaala tunaoutumia shuleni. Mtalii wa kweli ni msomaji: anausoma udongo, anasoma nyayo, anasoma jina la stesheni na kuuliza kwa nini reli iligawanyika hapo. Na anayesoma hivyo hutulia. Tulia inatokana na tua, kama kalia ilivyotokana na kaa na fulia na fua. Ndege hutua, jua hutua, mchukuzi hutua mzigo. Utulivu ni hali ya aliyekwisha kutua alichobeba, na tambarare ya Konza, isiyo na kitu cha kuyakatiza macho mpaka vilimani, humsaidia mtu kutua.

Kisha kuna kushangaa. Mjini tumelifanya neno hili tusi: unashangaa nini, songa mbele! Anayeshangaa anahesabiwa mgeni au mshamba. Mbugani kushangaa ni adabu. Ni kukubali kwamba mti na sisimizi wana mkataba usiotuhusu, na kwamba tuna bahati kuushuhudia.

Ombi langu ni dogo, tena halihitaji bajeti kubwa. Wanaochora ramani za mji mpya waandike mbuga pale palipobaki mbuga, wasiandike nafasi wazi. Mitaa yake ipewe majina ya Kikamba na Kimaasai ya nyasi na miti ya hapo. Walimu wa Malili na Konza wafundishe mbuga na weu kwanza, savana ifuate. Na wageni watoke Nairobi waje kutembea, hata kwa nusu siku, bila kungoja lango.

Watanzania walichagua neno hifadhi, na hapo wametupa somo. Kuhifadhi ni kulinda, na pia ni kuweka moyoni, kama mwanafunzi wa madrasa anavyohifadhi sura. Mbuga ya Konza haina sheria ya kuilinda kama ya Tsavo. Kinga yake ya kwanza itakuwa watu wanaojua jina lake na wanaoweza kueleza, bila kusoma popote, kilichomo ndani yake.