Bahari Ikifungwa

Tulishuka Mnarani mwezi wa Juni, mimi, mpwa wangu wa miaka mitano na mabegi matatu. Kodi ya Nairobi ilikuwa imenishinda, na kazi za kuandika hazijali uko wapi mradi intaneti ipo. Dadangu alikuwa ameondoka Machi kwenda Oman kufanya kazi za nyumbani, mkataba wa miaka miwili. Kwa vile mimi ndiye niliyeacha chuo, familia iliamua mimi ndiye mwenye muda. Sikubisha. Kwanza ni kweli.

Nilikuwa nimemwahidi mtoi bahari. Utaogelea kila siku, nikamwambia, mpaka uote mapezi. Nilichosahau ni kwamba pwani nayo ina kipupwe.

Usicheke. Najua Julai ya Nairobi, ile ya kulala na soksi. Hapa usiku joto halishuki sana chini ya nyuzi 22, lakini majirani wanatoa masweta na watoto wachanga wanavishwa kofia za sufi. Baridi yenyewe si shida. Shida ni upepo. Kusi inaanza alfajiri na haipumziki, bahari inachafuka rangi ya chai ya maziwa, ufuo unajaa mwani unaooza, na rasharasha zinakuja wakati tu umeanika nguo. Chekechea ya karibu wakasema nafasi ni Januari. Bwawa la hoteli lina bei ya wageni wa hoteli. Siku ya nne mtoi akasimama mlangoni, akaniuliza, "Anti, kwani watoto wa hapa hufanya nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kwa jirani, mzee aliyevua samaki maisha yake yote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana?"

Nikamweleza. Akatazama upande wa maji. "Saa hizi bahari imefungwa," akasema, vile mtu anakwambia duka limefungwa, rudi kesho.

Nilidhani ni usemi wa mzee tu, mpaka nikaanza kusoma. Kwa karne nyingi majahazi kutoka Arabuni, Uajemi na India yalishuka huku na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, yakarudi kwao na kusi. Lakini kusi ina tabia mbili. Ya Aprili inakubeba. Ya Juni na Julai inavunja milingoti. Katikati hapo vyombo vilivutwa pwani, mabaharia wakatia kalafati kwenye mianya ya mbao na kushona matanga yaliyochanika. Nahodha aliyechelewa kuondoka alibaki mpaka upepo ulegee, Agosti au Septemba. Kwa hivyo miji ya huku ilizoea wageni waliokwama, watu wenye mizigo tayari na hakuna pa kwenda. Nilivyosoma hapo nikaangalia mabegi yetu matatu, ambayo bado sikuwa nimeyafungua yote.

Vasco da Gama ndiye mfano niliompa mtoi. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikiwa bado changa, akiwa na rubani aliyeijua njia, na kwa siku ishirini na kitu hivi akaiona India. Kurudi hakungoja kaskazi ishike. Akasota baharini karibu miezi mitatu, mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye, na alipotia nanga Malindi Januari 1499 hakuwa na watu wa kutosha kuendesha meli zote. Moja ikabidi ichomwe. Pale Malindi watalii hupiga picha na nguzo yake. Mimi naona ni nguzo ya mtu aliyekataa kusubiri.

Mtoi akafikiri. "Hao waliokufa walikuwa na watoto?"

Nikasema labda. Tukaenda kuona magofu.

Magofu ya Mnarani yako juu ya jabali, mkono wa bahari uko chini yake. Watu waliishi hapo kuanzia karne ya 14 hivi mpaka mapema karne ya 17, na miaka ya 1950 James Kirkman, yule yule aliyechimbua Gede, akaja kuchimbua. Kuna msikiti mkubwa wenye mihrabu iliyochongwa maandishi ya Kiarabu kwenye jiwe la matumbawe, kuna kaburi lenye mnara, kuna mbuyu mnene sana. Nilikuwa nimejiandaa na mhadhara mzima. Mtoi alitaka kujua mambo mawili: kisima kina urefu gani, na nyoka wa pale kwenye vizimba hula nini. Tukakaa kwa nyoka saa nzima. Kisha tukasimama ukingoni tukitazama daraja, nikamwambia kabla ya 1991 halikuwepo, watu walivuka kwa feri. "Feri ikilala upande wa pili?" Unangoja, nikasema.

Lakini kitu kilichotuokoa kipupwe hicho si magofu. Ni kalenda. Waswahili walikuwa na mwaka wao wa jua, unaoanzia Nairuzi, siku 365 zilizogawanywa kwa makumi. Kila kumi ni mwongo. Miongo 36, zinabaki siku tano. Wakulima na manahodha walihesabu hivyo kujua mvua ni lini na upepo utageuka lini, kwa sababu kalenda ya mwezi hurudi nyuma kila mwaka na haiwezi kukwambia lini utweke tanga. Huko Makunduchi, Unguja, bado wanausherehekea mwaka huo kwa Mwaka Kogwa: wanaume wanachapana kwa migomba, kibanda kinachomwa moto. Na huwa ni Julai. Yaani mwaka mpya unaanza katikati ya baridi, bahari ikiwa imefungwa.

Nikapiga hesabu. Mkataba wa dadangu ulikuwa umebakisha kama siku 600. Mia sita mtoto wa miaka mitano haiwezi. Sitini anaiweza. Tukachukua chupa, na kila baada ya siku kumi anatafuta kauri moja kwenye ule mwani unaonuka na kuitia ndani. Ghafla mwani ukawa na kazi.

Na upepo nao tukaupa kazi. Mzee jirani alitutengenezea tiara kwa njiti za makuti na gazeti. Kwa kusi hii huhitaji hata kukimbia. Unaachia tu, inapanda.

Dadangu akapiga video siku moja tukiwa ufuoni. Matajiri wake walikuwa wamehama joto la Muscat wakaenda Salalah, maana kuanzia Juni mpaka Septemba huko huwa na ukungu na rasharasha, milima inageuka kijani, na familia nzima nzima husafiri kwenda kulowa kwa raha. Wanaiita kharifu. Inaletwa na kusi, hii hii iliyokuwa imeshika tiara yetu.

Nikamwambia mtoi. Akatazama uzi ulivyoelekea kaskazini, akatazama simu, mama yake amejifunga mtandio, matone kwenye kamera.

"Mama, imefika?"

Dadangu hakuelewa swali. Akasema imefika, baba, imefika. Mtoi akaniomba nimwongezee uzi.