Msimamo Haukuanzia Kwenye Moto wa Namugongo

Kila mwaka ikikaribia Juni 3, utawaona barabarani. Mahujaji kutoka huku kwetu wanatembea hadi mpaka wa Busia, wanavuka, wanaendelea siku nyingine kadhaa hadi Namugongo, nje kidogo ya Kampala. Miguu imevimba, rozari mkononi. Na kila mwaka mitandaoni tunasimulia hadithi ile ile kwa ufupi: mfalme mbaya, vijana wema, moto, watakatifu. Kwisha.

Mimi naona tukisimulia hivyo tunaruka sehemu yenye maana. Hebu turudi nyuma kidogo.

Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, na wale wa Kikatoliki, White Fathers, wakafuata mwaka 1879. Waislamu walikuwa wametangulia zamani, kupitia wafanyabiashara wa pwani na Unguja. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa tayari kinasikika pale ikulu, na vitabu vya Kikristo vya mwanzo ambavyo vijana wa Kabaka walivishika vilikuwa vya Kiswahili. Waumini wa dini hizi mpya waliitwa wasomaji. Si waimbaji, si waombaji. Wasomaji! Kijana anakaa chini na herufi asizozijua, katika lugha isiyo ya mama yake, jioni baada ya kazi za ikulu. Hapo ndipo msimamo ulianza kupikwa, na hakuna aliyekuwa akitazama.

Halafu mwishoni mwa 1882 mapadre Wakatoliki wakaondoka, wakahamia kusini mwa Ziwa Victoria. Walirudi 1885. Fikiria hilo: karibu miaka mitatu bila padre, bila misa. Leo pasta akihamishwa tu, nusu ya kanisa linamfuata na nusu lingine linaacha kuja. Kule Buganda wasomaji waliendelea wenyewe. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa karibu wa Kabaka, aliwafundisha wenzake ndani ya ikulu. Mapadre waliporudi walikuta kundi limekua.

Wakati huo Kabaka Mutesa alikuwa ameshafariki, Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga ndiye aliyetawala, bado kijana mdogo. Tusimfanye Mwanga zimwi asiye na akili. Alikuwa anaona Wajerumani na Waingereza wanagawana pwani, na alijua maana yake. Askofu James Hannington alipokuja kupitia njia ya mashariki, akitoka Mombasa na kukatiza nchi ambayo leo ni Kenya, Mwanga aliona adui anaingilia mlango wa nyuma. Hannington akauawa Busoga Oktoba 29, 1885. Balikuddembe alimkemea Kabaka kwa kitendo hicho, na Novemba 15 naye akauawa. Juu ya hayo kulikuwa na jambo la vijana wa ikulu kukataa matakwa ya kimwili ya Kabaka. Kwa mfalme ambaye neno lake lilikuwa sheria, mtumishi kusema hapana ilikuwa kama uasi.

Mei 1886 mambo yakalipuka kule Munyonyo. Usiku wa kuamkia hukumu, Karoli Lwanga, aliyechukua nafasi ya Balikuddembe, aliwabatiza vijana wanne waliokuwa bado wakijifunza. Mmoja wao, Kizito, alikuwa na miaka kama 14. Darasa la nane huyo, jameni.

Lakini anayenikaa akilini zaidi ni Mbaga Tuzinde. Huyu alikuwa mtoto wa kulea wa Mukajanga, mkuu wa wauaji. Njia ya kutokea ilikuwa wazi kabisa. Baba yake alimsihi, ndugu wakamsihi, wakataka akubali tu kufichwa. Walikuwa na muda wa kutosha wa kumbembeleza, maana wafungwa walikaa Namugongo karibu wiki nzima wakati kuni zinakusanywa. Akakataa. Mwishowe Mukajanga aliamuru apigwe shingoni afe kwanza, ndipo mwili wake uwekwe motoni. Kustahimili hasira ya mfalme ni kitu kimoja. Kustahimili machozi ya baba anayekupenda, siku baada ya siku, sijui wangapi wetu tungeweza.

Sasa kuna walionusurika. Denis Kamyuka, Simeoni Sebuta na Charles Werabe walifika hadi Namugongo na wakarudishwa hai. Hawakuwa wamekana imani. Ni kupitia watu kama Kamyuka kwamba tunajua yaliyotokea pale, na ushahidi wao ulisaidia Roma kuwatangaza wale 22 Wakatoliki watakatifu mwaka 1964. Waanglikana waliouawa ni 23, na mara nyingi hata hatuwataji. Na miaka kama kumi kabla ya hapo, Mutesa aliwaua Waislamu vijana takriban 70, waliokataa kula nyama iliyochinjwa na watu wasio Waislamu na kukataa kuswalishwa na Kabaka asiyetahiriwa. Hao nao mnawasikia Juni 3? Mimi siwasikii.

Kuna kipande kingine ambacho watu wa dini hawapendi kukigusa. Januari 1892, chini ya miaka sita baada ya Namugongo, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana kwa bunduki pale Mengo. Ni kizazi kile kile. Apolo Kagwa, aliyepigwa vibaya siku zile za mateso na kuponea chupuchupu, sasa alikuwa Katikiro na kiongozi wa upande wa Waprotestanti. Watu waliokuwa tayari kufa pamoja walikuwa sasa tayari kuuana. Ugumu ule ule wa moyo uliomfanya kijana asiogope moto ulimfanya pia asimwone jirani yake.

Na Mwanga? Waingereza walimkamata 1899 wakampeleka uhamishoni Shelisheli. Huko akabatizwa, akaitwa Danieli. Alifariki 1903.