Ohinga na Ngome: Makao ya Mawe ya Thimlich

Kusini ya Ghuba ya Winam, katika nchi iliyo ng'ambo ya mji wa Kisumu, yako magofu mengi ya makao yaliyozungushiwa kuta za mawe. Watafiti wamekwisha kuhesabu majengo 521 ya namna hiyo katika mahali 138. Yaliyo mashuhuri zaidi ni ya Thimlich Ohinga, kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, ambayo hudhaniwa kuwa yalijengwa katika karne ya 16. Jina lenyewe ni la Kijaluo: thim ni msitu au pori, lich ni kitisho, na ohinga, ambalo wingi wake ni ohingni, ni boma la mawe. Mara nyingi neno hili la mwisho hufasiriwa kwa Kiswahili kuwa "ngome". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tafsiri hiyo, ingawa si kosa tupu, huficha jambo lililo kubwa katika historia ya majengo hayo.

Ama kuhusu ujenzi, Thimlich ina maboma makubwa manne: Kochieng, ambalo ndilo kuu, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kimo cha kuta ni kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wake ni mita 1 au zaidi. Mawe yaliokotwa papo hapo vilimani, wala hayakuchongwa. Tofauti na Gedi na miji mingine ya pwani, ambako matumbawe yalishikamanishwa kwa chokaa, hapa hakikutumiwa chokaa wala udongo. Mafundi walijenga nyuso mbili, ya nje na ya ndani, kisha wakajaza mawe madogo katikati ili kuzifunga pamoja. Ukuta husimama kwa sababu kila jiwe limekaliwa na jingine.

Malango ni mafinyu tena mafupi, hata aingiaye hulazimika kuinama, na karibu na lango palikuwa na mahali palipoinuka pa mlinzi. Kwa hiyo ni kweli kwamba kuta zilikuwa kinga dhidi ya maadui, wezi wa ng'ombe na wanyama wa mwitu. Lakini ndani yake kuna alama za nyumba, mazizi na mawe ya kusagia nafaka.

Hapa ndipo neno "ngome" linapopotosha. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga Mombasa mwaka 1593, inakaribia kuwa rika moja na Thimlich. Lakini ngome ile ilijengwa kwa amri ya mfalme wa ng'ambo, ikakaliwa na askari wake, nayo mizinga ikalinda biashara ya baharini. Ohinga ililinda jamaa na mifugo yao, na waliolala ndani yake ndio waliotengeneza kuta zake.

Wakazi wa kwanza hudhaniwa kuwa wasemaji wa lugha za Kibantu. Baadaye, kati ya karne ya 17 na ya 19, yaliingia makundi mbalimbali ya Wajaluo. Waliokuja hawakuyabomoa waliyoyakuta, bali walizikarabati kuta na kuongeza nyingine. Hivyo basi, swali la nani aliyejenga Thimlich halina jibu la kabila moja. Kila kizazi kilichorudisha jiwe lililoanguka kina sehemu yake katika ujenzi huo.

Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, mji ulioitwa Port Florence siku zile. Utawala wa Waingereza ulipoimarika, vita baina ya koo vilipungua na watu wakatawanyika mashambani. Mwanzoni mwa karne ya 20 maboma ya Thimlich yaliachwa. Hata hivyo mpango wa makao haukufa: katika boma la desturi la Kijaluo, lango lilielekeana na nyumba ya mke wa kwanza, zizi likawa uani, na ua wa minyaa ukashika mahali pa ukuta wa mawe.

Thimlich sasa inalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, na mwaka 2018 UNESCO iliitia katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Heshima hiyo inastahili. Lakini sheria haipandi ukutani kuondoa mizizi inayosukuma mawe, wala haimzuii ng'ombe anayejikuna penye ufa. Ukuta usio na chokaa hudumu maadamu wapo wanaojua kuurudishia mawe yake. Zamani ujuzi huo ulikuwa wa kila aliyelala ndani ya boma. Sasa uko mikononi mwa mafundi wachache. Anayeita ohinga "ngome" huenda akadhani kwamba mawe yenyewe yanatosha. Anayeliita kwa jina lake atakumbuka kwamba yalihitaji wenyeji.