Mwalimu wa Timu na Ghadhabu ya Wapenzi Wake

Katika kazi nyingi za dunia mtu hupimwa kwa jumla ya matendo yake. Mkulima hahukumiwi kwa mvua ya siku moja, wala hakimu kwa kesi moja. Mwalimu wa timu ya mpira hana neema hiyo. Yeye huhukumiwa kila juma, mbele ya maelfu, kwa muda wa dakika tisini. Na hukumu yake hutolewa na watu ambao hawakuapishwa wala hawaoni haya kuibadili hukumu hiyo juma lijalo. Historia ya mpira mjini Dar es Salaam ni, kwa sehemu kubwa, historia ya hukumu za namna hiyo. Yafaa ichunguzwe bila dhihaka, maana ndani yake mna jambo kubwa kuliko mpira, nalo ni haki ya watu wengi juu ya mtu mmoja.

Mwenye kutaka kuisikia hukumu hiyo na aende Feri alfajiri, penye soko la samaki la Magogoni, karibu na kivuko cha Kigamboni. Hapo samaki hunadiwa mara tu mashua zifikapo. Bei hupanda na kushuka kwa sauti ya mnadi, na samaki mwema wa jana hana thamani leo. Wachuuzi hutoka hapo na mizigo yao kuelekea Kariakoo na kwingineko, na pamoja na mizigo hubeba maneno. Timu ikiwa imeshinda, mpenzi wake hunyanyua kichwa na kuwatania wenzake. Ikiwa imeshindwa, hutaniwa yeye tangu Feri hata mlangoni pake. Hasira ya mpenzi wa timu haianzii uwanjani. Huanzia katika aibu hii ya kila siku, ambayo mwalimu aliyetoka nchi ya mbali haionji.

Kariakoo yenyewe ilipata jina lake katika vita. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, mahali hapo palikuwa kambi ya kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikalifinyanga jina hilo likawa Kariakoo. Chini ya utawala wa Kiingereza mji uligawanywa: Wazungu pwani, Wahindi katikati, na Waafrika ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Katika sehemu hiyo ya tatu, ambako watu walikuwa na sauti ndogo katika mambo ya serikali, walijijengea vyombo vyao wenyewe: vyama vya ngoma, vyama vya kuzikana, vyama vya siasa na vyama vya mpira. Young Africans, ambayo watu huiita Yanga, ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata, 1936, ilizaliwa timu iliyopita katika majina ya Queens, Eagles na Sunderland, hata ikaitwa Simba mwaka 1971. Yanga ikaweka makao yake Jangwani, na Simba Mtaa wa Msimbazi; zote mbili Kariakoo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka moja hadi nyingine.

Asili hii ndiyo ufunguo wa mengi yaliyofuata. Timu hizi hazikuwa mali ya tajiri aliyewauzia watu tikiti. Zilikuwa mali ya wanachama, waliotoa ada, waliochagua viongozi, na waliohesabu ushindi kuwa heshima ya mtaa wao. Hata wanachama wa Simba walipokubali, mwaka 2017, kuibadili klabu yao iwe ya hisa, walijiwekea sehemu 51 kwa mia na kumwachia mwekezaji 49. Mtu wa namna hiyo anapopaza sauti kumkataa mwalimu, yeye mwenyewe hajioni kuwa mgeni anayeingilia kazi ya watu; hujiona mwenye nyumba anayemsemesha fundi.

Neno mwalimu lastahili kutazamwa. Lugha ya leo yatumia zaidi neno kocha, lililotoka katika Kiingereza, lakini wengi wangali wanamwita mtu huyu mwalimu. Jina hilo lina heshima kubwa katika Kiswahili. Mwalimu wa chuo huogopwa na kutunzwa. Mzazi humkabidhi mtoto wake na kungoja miaka. Ajabu ni kwamba mwalimu wa mpira alirithi jina bila kurithi subira. Amekabidhiwa watoto wa watu, lakini aulizwa matokeo ya mtihani kabla ya somo kwisha.

Kwamba ghadhabu yaweza kuibomoa nyumba yenyewe, Yanga ilijifunza mapema. Mwaka 1975 ilitolewa katika Kombe la Klabu Bingwa Afrika na Enugu Rangers ya Nigeria, baada ya sare ya bila bao huko na sare ya 1-1 nyumbani. Bao la ugenini likaamua. Katika kipindi hicho klabu iliingia katika ugomvi mkubwa wa ndani, na mwaka 1976 ikagawanyika. Waliojitenga wakaanzisha Pan African. Tarehe 19 Julai 1977 Yanga iliyopungukiwa ilikutana na Simba, ikafungwa mabao 6-0. Wapenzi waliotaka timu bora walivuna, baada ya ugomvi, kipigo ambacho watoto wa wajukuu wao wangali wanataniwa kwacho.

Katika mabao sita ya siku ile, matatu yalifungwa na Abdallah Kibadeni. Maisha ya mtu huyu yaonyesha jinsi sifa za umati zinavyopanda na kushuka. Mwaka 1993 yeye alikuwa mwalimu wa Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF. Ikatoka sare ya bila bao na Stella ya Abidjan ugenini, kisha ikafungwa 2-0 Dar es Salaam. Mwaka 2013 alirudi tena kuifundisha. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo Yanga iliongoza 3-0 hata wakati wa mapumziko, na wapenzi wa Simba walikuwa na kila sababu ya kukata tamaa. Katika kipindi cha pili timu ya Kibadeni ilirudisha mabao yote matatu. Lakini mwaka haukwisha yeye akiwa kazini. Nafasi yake alipewa Zdravko Logarusic wa Croatia. Ikiwa shujaa wa 1977, mwana wa nyumba mwenyewe, hakuweza kununua muda kwa mabao yake, mgeni atanunua kwa nini?

Desemba ile ile ya 2013 ilileta mfano mwingine. Simba iliifunga Yanga 3-1 katika mchezo wa kirafiki uliopewa jina la Nani Mtani Jembe. Haukuwa mchezo wa ligi, wala haukuongeza pointi kwa yeyote. Hata hivyo Ernie Brandts, Mholanzi aliyeipa Yanga ubingwa wa 2012/13, aliondolewa. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2014, mchezo wa jina hilo hilo ukachezwa tena. Simba ikashinda 2-0, na Marcio Maximo wa Brazil, aliyekuwa hajatimiza mwaka Yanga, naye akaenda zake. Hapa msomaji aona kwamba kipimo si ligi. Kipimo ni mtani. Mwalimu aweza kuwashinda wengine wote, lakini akishindwa na mtani amewarudisha watu wake Feri na Kariakoo wakiwa vichwa chini.

Jambo hilo lilidhihirika tena tarehe 5 Novemba 2023, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000. Yanga iliifunga Simba 5-1. Simba ilikuwa haijapoteza mchezo wowote wa ligi msimu ule, na Agosti ilikuwa imeitoa Yanga kwa penalti katika mchezo wa Ngao ya Jamii huko Tanga. Hayo yote yalisahauliwa. Baada ya siku mbili mwalimu Roberto Oliveira, aitwaye Robertinho, hakuwa tena na kazi. Mshindi wa siku ile alikuwa Miguel Gamondi wa Argentina. Alisifiwa, akatwaa ubingwa wa 2023/24, na Oktoba 2024 akaifunga Simba tena. Kisha Novemba 2024 Yanga ikafungwa 1-0 na Azam, na siku tano baadaye 3-1 na Tabora United. Tarehe 15 mwezi huo Gamondi akaondolewa. Tangu mabao matano hata kuondoka kwake ulipita mwaka mmoja na siku kumi.

Kwa nini hasira humwangukia mwalimu, wala si mwingine? Sababu zaweza kuonekana bila taabu. Wachezaji ni wengi, hawawezi kufukuzwa wote kwa siku moja. Tena kila mmoja ana wapenzi wake. Viongozi huchaguliwa na wanachama, nao hupenda kuchaguliwa tena. Mwanachama hawezi kujifukuza mwenyewe. Anabaki mtu mmoja asiye na kura, asiye na tawi, mara nyingi asiye na lugha ya kujitetea. Kumwondoa ni jibu rahisi kwa swali gumu. Pengine swali lilikuwa usajili mbaya, au mishahara iliyochelewa, au viongozi waliogombana. Lakini mwalimu akipanda ndege, swali huonekana kana kwamba limepanda naye. Miezi michache baadaye hurudi peke yake.

Haifai, hata hivyo, kuufanya umati kuwa mjinga. Mpenzi wa timu ameona mpira miaka mingi, na mara nyingi macho yake hayamdanganyi. Ametoa nauli yake na fedha za kiingilio kutoka katika faida ndogo ya samaki au ya vitambaa. Ana haki ya kusema kwamba timu haichezi. Na mwalimu naye ana wajibu. Julai 2020 Yanga ilivunja mkataba wa Luc Eymael, Mbelgiji, baada ya kusikika akiwafananisha mashabiki na nyani na mbwa. Hapo lililoumizwa halikuwa jedwali la ligi bali utu wa watu, tena watu ambao babu zao walitengwa kwa rangi zao katika mji ule ule. Kumwondoa hakukuwa pupa, kulikuwa haki. Kwa hiyo tofauti si kati ya umati wenye hasira na umati mpole. Tofauti ni kati ya hasira yenye sababu na hasira inayotafuta mtu wa kuibeba.

Nao mfano wa subira haukukosekana. Nasreddine Nabi wa Tunisia aliingia Yanga Aprili 2021. Julai akafungwa na Simba 1-0 katika fainali ya Kombe la Shirikisho la nchi, mjini Kigoma. Septemba akatolewa katika mashindano ya Afrika na Rivers United ya Nigeria, kwa kufungwa bao moja nyumbani na moja ugenini. Kwa desturi iliyosimuliwa hapo juu, virago vyake vingekuwa mlangoni. Safari hii aliachwa afanye kazi. Yanga ikatwaa ubingwa wa 2021/22 bila kufungwa hata mchezo mmoja wa ligi, ikautwaa tena mwaka uliofuata, na mwaka 2023 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ikalikosa kombe kwa bao la ugenini tu mbele ya USM Alger.

Mambo haya si ya Kariakoo pekee. Huko Marekani, ambako mpira wa kikapu wa vyuo vikuu una wapenzi wenye hasira zisizopungua hizi, John Wooden aliingia chuo cha UCLA mwaka 1948 na hakuupata ubingwa wa taifa hata 1964. Ulipofika mwaka 1975 alikuwa ameupata mara kumi. Kama angepimwa kwa mizani ya mnadani, angeuzwa kabla ya jua kupanda.

Wazee wa Simba hukumbuka jambo la mwaka 1979. Timu yao ilifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers ya Zambia, hapa Dar es Salaam, mbele ya watu wao. Wengi walitoka uwanjani wakiamini kwamba mambo yamekwisha. Katika mchezo wa marudiano, huko Lusaka, Simba ilishinda 5-0 ikasonga mbele. Waliokata tamaa nyumbani hawakuuona mchezo ule. Waliusikia kwa mbali, na furaha yao ilichanganyika na haya kidogo.

Waswahili wamesema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo huambiwa wachezaji, lakini yawahusu zaidi waliokaa jukwaani, maana mchezaji hushindwa na kufanya mazoezi kesho yake, na mpenzi hushindwa na kutafuta wa kulaumiwa. Klabu zilizojengwa na watu wasiokuwa na sauti zimewapa sauti kubwa. Sauti hiyo ni urithi wa haki, na hakuna apaswaye kuinyamazisha. Lakini mwenye sauti kubwa amekuwa hakimu, apende asipende; na hakimu mwema, kabla hajahukumu, humwuliza mshtakiwa kazi aliyopewa, vyombo alivyopewa, na siku alizopewa kuifanya.