Fahamu: Wapanda farasi wazito wa Prusia walipangwaje?

Katika karne ya 18, Prusia ilikuwa miongoni mwa falme zenye nguvu za Ujerumani. Wapanda farasi wake wazito waliitwa makirasia. Walipanda farasi wakubwa, wakabeba upanga mrefu ulionyooka na kuvaa bamba la chuma kifuani. Mgongoni hawakuwa na kinga.

Rejimenti ilikuwaje?

Rejimenti moja ilikuwa na skwadroni 5, na kila skwadroni ilikuwa na kombania 2. Jumla yao ilikuwa askari zaidi ya 800. Vitani walipigana kwa skwadroni. Wakati wa amani, mambo ya mishahara, mavazi na vifaa yalishughulikiwa na kombania.

Kapteni wa kombania alipewa fedha za matumizi, na zilizobaki zilikuwa zake. Askari akipewa likizo, mshahara wake ulibaki kwa kapteni.

Askari walitoka wapi?

Wengi walitoka vijijini. Mwaka 1733, Mfalme Friedrich Wilhelm I aliigawa nchi katika maeneo ya kuandikisha askari. Rejimenti ya askari wa miguu ilipewa eneo lenye kaya zipatazo 5,000, na ya wapanda farasi kaya 1,800. Watoto wa kiume wa wakulima waliandikwa kwenye orodha tangu wakiwa wadogo. Baada ya mafunzo, wengi waliruhusiwa kurudi shambani kwa miezi kadhaa kila mwaka, kwa sababu bila mavuno jeshi lisingekula.

Mpango huo ulifanya kazi?

Mwanzoni, hapana. Huko Mollwitz mwaka 1741, wapanda farasi wa Austria waliwatimua wale wa Prusia. Mfalme Friedrich II mwenyewe aliondoka uwanjani, na ushindi ukaletwa na askari wa miguu. Baada ya hapo alikaza mazoezi: kwenda kasi bila safu kuvunjika.

Matokeo yalionekana Rossbach, tarehe 5 Novemba 1757. Jenerali Seydlitz aliongoza skwadroni 38, na jeshi lililowazidi karibu mara mbili likashindwa kwa muda usiozidi saa mbili.

Uliishaje?

Mwaka 1806 Napoleon aliishinda Prusia. Mageuzi yakafuata, na makapteni wakanyang'anywa faida ile. Mwaka 1814 sheria mpya ikawataka vijana wa tabaka zote kutumikia jeshi, si watoto wa wakulima peke yao.