Debe la Kupimia Kahawa
Kiambu na Thika, Kenya ya kikoloni

Debe hili la bati, la lita 18 hivi, liliundwa kubebea mafuta ya taa. Mafuta yalipokwisha, likageuzwa kipimo cha ujira katika mashamba ya walowezi. Tazama ukingo wake wa juu: mnyapara alitaka matunda mekundu yafike hapo. Likipungua, au yakionekana mabichi ndani yake, mchumaji alirudishwa mitini.

Wachumaji wengi walikuwa wanawake na watoto. Serikali ilidai kodi ya nyumba tangu 1901, ikaongeza kodi ya kichwa 1910, na familia zilizonyang'anywa ardhi zililazimika kutafuta fedha kwa mlowezi yuleyule. Msimu mkubwa, Oktoba hadi Desemba, mtoto alichuma matawi ya chini, tunda mojamoja, akamimina kwenye debe la mama yake. Daftarini likaandikwa debe la mama tu. Kipande nacho, hati ya utambulisho na kazi iliyoanza kutolewa 1919, kiliwahusu wanaume wa miaka 16 na zaidi. Kazi ya mtoto ilileta faida bila kuandikwa popote, na hiyo ilikuwa dhuluma.

Mmisionari Walter Edwin Owen wa Nyanza alipinga ajira ya watoto hadharani. Mwaka 1938 serikali iliunda kamati ya kuichunguza.

Tumelihifadhi debe hili kwa ajili ya watoto hao. Kama nyumbani kwenu yuko mzee aliyechuma kahawa utotoni, tafadhali muulize, kisha utuletee simulizi yake.